Ghafla 117: shajara ya kusafisha mswada

Siku ya 1

Mswada umerudi. Ni riwaya yangu ya pili, maneno 52,000 na ushei, kisa cha familia ya wavuvi katika kijiji nilichokibuni kusini ya Mombasa, baina ya Gazi na Shimoni. Mhariri hakuniandikia barua ndefu. Ameshika kalamu nyekundu akazungushia neno moja tu katika sura tatu za kwanza: ghafla. Ukurasa wa 9 una miviringo mitano. Chini yake ameandika: "Rudi kwa kila moja uniambie lilikuwa likifanya kazi gani hapo."

Nimekaa na karatasi hizo tangu adhuhuri. Jioni nikahesabu mswada mzima kwa kompyuta. Ghafla 117. Sikutaka kuishia hapo, nikaendelea na mengine niliyoyashuku. Hatimaye 38. Sana 301. Kutabasamu na tabasamu, jumla 64. Watu wangu wameshusha pumzi mara 29, na moyo umewaenda mbio watu 17, hata muuza tambuu anayepita mara moja tu katika kisa kizima.

Nimejipa siku 40. Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wanaotunga kwa Kiswahili, kwa kuwa nasaha nyingi nilizozisoma kuhusu maneno yaliyochakaa zilitungwa kwa Kiingereza, na nikizivaa zinanibana mabegani.

Siku ya 2

Ghafla ni rahisi kulikamata kwa sababu halibadiliki. Halina ngeli, halina wakati, popote lilipo liko vilevile. Vitenzi ndivyo vinavyojificha. Nilitafuta "anza", maana nimeona watu wangu hawafanyi jambo, huanza tu kulifanya: akaanza kulia, wakaanza kutembea, alianza kucheka. Cha kwanza kuletwa kilikuwa Tanzania. Kisa changu kiko karibu na mpaka wa Vanga, kwa hiyo Tanzania imo karibu kila sura. Kisha ikaja Mwanza, alikozaliwa daktari. Nilipotafuta "huku" nikaletewa hukumu yote ya kadhi katika sura ya 8. "Sana" ilikuja na sanamu na sanaa. "Ona" ndiyo iliyonishinda kabisa: kushona, kupona, sonara, kona ya barabara.

Basi nimechapisha mswada wote, kurasa 214, nikanunua penseli za rangi. Nyekundu ni ya maneno ya kuharakisha: ghafla, mara, punde. Buluu ni ya kukuza: sana, mno, kabisa. Kijani ni ya mwili: tabasamu, pumzi, moyo, machozi. Njano ni ya vitenzi vinavyobebeshwa vitenzi vingine, kama kuanza, kuweza na kujikuta.

Kitu kimoja nimekiacha bila rangi kwa makusudi, nacho ni -ka-. "Akaamka, akanawa, akafungua mlango, akamkuta ami yake barazani." Aliyezoea kusahihisha Kiingereza ataona hapo silabi moja imerudi mara nne akashika kalamu. Mimi nimelelewa kwa hadithi za -ka-. Ni nyayo za hadithi, msikilizaji hazihesabu, anazifuata. Na upatanisho wa ngeli ni hivyohivyo. "Kikapu changu kile kikubwa kimechanika" kina ki- na ch- kila mahali, na sikio la Mswahili linatulia likiyasikia. Marudio ya aina hii ndiyo lugha yenyewe, siyagusi.

Siku ya 3

Leo nimefanya kosa lililonila siku nzima. Nilichukua ghafla 40 za mwanzo nikaweka maneno mengine mahali pake: punde, mara, kufumba na kufumbua, ghafla bin vuu. Sana nikazigeuza mno. Baada ya magharibi nikaisoma sura ya 2 kwa sauti. Watu wanafumba na kufumbua mara sita katika sura moja. Na bahari yenye mawimbi makubwa mno haina hata tone la ziada kuliko bahari yenye mawimbi makubwa sana.

Nimezirudisha zote kama zilivyokuwa. Afadhali neno lililochakaa lionekane limechakaa, nijue pa kurudi, kuliko nilifunike kwa ndugu yake.

Siku ya 6

Nimefika sura ya 4, na hapo nimetambua baadhi ya maneno haya nilikoyatoa. Ni daftari langu la darasa la nane.

Wenzangu waliosoma Kenya wakati wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, watalikumbuka daftari la aina hii. Insha ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Tuliandika orodha na kuzikariri: jogoo wa kwanza alipowika nikarauka, giza totoro, furaha ghaya, nikatimua mbio kama swara, machozi yakanitoka njia mbilimbili, siku ya siku ikawadia. Simlaumu mwalimu wetu hata kidogo. Alitufundisha kwa mapenzi, na kabla yake sikujua kama lugha inaweza kupambwa ikapendeza vile. Mtoto mwenye dakika 40 anahitaji maneno yaliyo tayari, kama mpishi wa harusi anavyohitaji vitunguu vilivyokwisha katwa.

Lakini mimi nina siku 40, na mvulana wangu wa sura ya 4 yuko nje usiku, kijiji hakina umeme, nami nimemwandikia "giza totoro" nikaenda zangu. Sikukaa naye gizani. Leo nimekaa. Kwetu zamani, umeme ukikatika, kitu cha kwanza nilichokuwa nikikiona kilikuwa moto wa sigara barazani kwa jirani. Kwa hiyo sasa imesomeka hivi: "Aliuinua mkono wake mbele ya uso asiuone. Alichokiona ni ncha ya sigara ya ami yake, ikipanda, ikiwaka, ikishuka." Maneno yameongezeka, nami sisikitiki kuongezeka. Kazi hii si ya kupunguza maneno.

Siku ya 9

Nimekwenda kwa mjomba wangu. Amevua tangu ujana wake na sasa amepumzika, magoti hayamruhusu tena. Nilimchukulia sura ya 6, ile ya tufani, nikamsomea ukumbini kwake. Hii ndiyo aya niliyoanza nayo, naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Siku moja walipokuwa katikati ya bahari, ghafla upepo mkali sana ulianza kuvuma na mawimbi makubwa yakatokea. Nahodha alishtuka na moyo ukaanza kumwenda mbio. Hatimaye waliweza kuteremsha tanga."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Upepo huu watoka wapi?"

"Baharini, mjomba."

"Bahari ni kubwa, mwanangu. Mwezi gani?"

Nilikuwa nimeandika "siku moja". Akanikalisha akanieleza mambo ambayo nimezaliwa pwani na sikuwahi kuyauliza. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi. Kusi huingia Aprili na hudumu hadi Septemba, na Juni na Julai bahari ya nje huwa nzito, mwenye ngalawa huvua ndani ya mwamba. Baina ya pepo hizo mbili ni maleleji, upepo hauna mwenyewe, leo huku kesho kule. "Sasa huyu nahodha wako, kama ni Juni, yuwatafuta nini kule nje? Na kama ni maleleji, ungesema."

Kisha tukafika kwenye tanga. Kwake tanga haliteremshwi. Tanga hutwekwa na tanga hutuliwa. Nahodha akisema "Tua!" amemaliza, hana wakati wa neno la pili.

Nilidhani tumekwisha. Nikawa nakusanya karatasi zangu. Akasema, "Na hilo ghafla?"

"Lina nini, mjomba?"

"Upepo hauji ghafla. Maji hugeuka rangi kwanza, waona weusi waja juu ya maji. Mwenye ghafla ni aliyekuwa akiangalia pengine."

Nimemwomba ayarudie maneno hayo, nikayaandika nyuma ya ukurasa.

Siku ya 10

Sikulala vizuri kwa ajili ya maneno ya mjomba. Asubuhi nikafungua kamusi. Ghafla na kughafilika ni watoto wa mama mmoja, wametoka kwa Kiarabu, na shina lao ni kupitiwa, kuacha kuwa makini. Aliyeghafilika ni mtu ambaye akili yake haikuwapo jambo lilipotokea. Mjomba ameijua maana hiyo baharini.

Kwa hiyo sasa nina swali moja, nimeliandika kwa penseli kando ya kila mviringo mwekundu: nani aliyeghafilika? Kama ni mhusika, basi nimwonyeshe msomaji alikuwa akiangalia nini wakati ule, na jambo likija litamshtua msomaji pamoja naye bila mimi kumwambia ashtuke. Kama hakuna mhusika aliyeghafilika, aliyepitiwa ni mwandishi. Na katika mviringo baada ya mviringo nimejikuta mimi. "Ghafla mlango ulifunguliwa": sikuwa nimeamua ni nani aliyeufungua, wala kama mlango ule ulikuwa na komeo. "Ghafla alikumbuka": sikuwa nimeamua ni kitu gani kilichomkumbusha. Neno lilikuwa limeketi juu ya shimo.

Nikaendelea na hatimaye. Ni hatima yake, mwisho wake. Katika sura ya 5 nina hatimaye nne ndani ya kurasa mbili, maana yake nimemaliza mara nne jambo ambalo bado linaendelea. Tatu nimezifuta, na sentensi hazikuhitaji kitu kingine badala yake.

Aya ya tufani, baada ya siku nzima ya kazi:

"Ilikuwa maleleji, kusi likitaka kuingia lakini halijaingia. Tanga lililegea. Omari akageuza shavu huku na huku kuutafuta upepo, asiupate. Nahodha alikuwa akimenya muhogo. Upande wa kusini maji yalifanya mstari mweusi, mwembamba kama pindo la leso, na Omari akautazama akidhani ni kivuli cha wingu, mpaka alipoinua macho akaona hakuna wingu. Alipogeuka kumwambia nahodha, kisu kilikuwa kimekwisha rudi kiunoni na muhogo unaelea. 'Tua,' nahodha akasema."

Hapa hakuna ghafla, hakuna moyo kwenda mbio. Muhogo unaoelea ndio unaonipa furaha zaidi. Ule muhogo haukuwapo nilipokuwa na ghafla, haukuwa na nafasi ya kuingia.

Siku ya 15

Penseli ya njano. Kazi ya polepole lakini yenye faida kubwa kuliko nilivyotazamia.

"Aliweza kuona taa za Wasini" imekuwa "aliziona taa za Wasini". Kuweza nimekuacha pale tu palipo na kizuizi: mzee mwenye magoti mabovu aliyeweza kupanda ngazi. "Akaanza kulia" imekuwa "akalia", isipokuwa pale kilio kilipokatizwa kabla hakijafika mbali, maana hapo kuanza kuna maana yake. Kujikuta nimekufuta kokote, ila kule mlevi anakoamka pwani.

Ambaye, ambacho, ambao, hizo ni habari nyingine. Mtu anaweza kuambiwa azifute zote na kuweka o-rejeshi: "mtu ambaye alikuja" iwe "mtu aliyekuja". Mara nyingi ni kweli, na sentensi hupumua. Lakini jaribu kwenye kukanusha. "Mtu ambaye hakuja" ni yule wa siku ile, tulimngoja asitokee. "Mtu asiyekuja" anaweza kuwa wa jana, wa leo, au mtu wa tabia hiyo maisha yake yote. Katika sura ya 10 mjane anasema, "Namsubiri mtu ambaye hakurudi." Nilikwisha liandika "asiyerudi" nikaona nimempokonya siku yake, ile siku moja anayoijua tarehe. Nimelirudisha.

Siku ya 21

Kijani. Tabasamu zimebaki 11. Mwanaisha, mwenye kukaanga mahamri, alikuwa akitabasamu kila akiletewa habari njema, na kutokwa machozi kila akiletewa mbaya. Sasa akiambiwa mwanawe ameonekana Mombasa, analigeuza hamri kabla upande wa chini haujaiva. Ni hilo tu.

Siku ya 26

Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi, amenisomea sura ya 7. Ameniambia bila kuzunguka: "Dada, hii imekuwa taarifa ya polisi."

Amesema kweli na imeniuma. Sura ya 7 ni bibi akiwasimulia wajukuu. Kwa wiki tatu nimekuwa na penseli mkononi, na mkono ukishazoea kukata haujui pa kukoma. Bibi alikuwa akisema, "Akenda, akenda, akenda, hata akafika penye mbuyu." Nilimwachia akenda moja. Alikuwa akisema "basi" kila anapovuta pumzi, nami nimezifuta basi zake zote. Bibi wa watu amebaki bila sauti.

Rafiki yangu akanikumbusha kazi yake mwenyewe. Katika shairi la mizani nane kwa nane, kibwagizo hurudi neno kwa neno mwisho wa kila ubeti, na hakuna anayelalamika. Kibwagizo kinakuja na kitu kipya kila mara, kwa kuwa ubeti uliotangulia umekisogeza. Kama ubeti haukukisogeza, hapo ndipo watu hupiga miayo, na kosa ni la ubeti.

Akenda tatu za bibi ni urefu wa njia. Ukizisema kwa sauti unachoka kidogo, na mtoto aliyelala mapajani kwake anasogea. Nimezirudisha zote, pamoja na basi. Kisha nimerudi nyuma sura ya 1 hadi 6 kutafuta kwingine nilikokata pumzi ya mtu. Nimepata mahali kumi na patatu.

Tangu leo siamui lolote kwa kuangalia karatasi tu. Nasoma kwa sauti, nimesimama, mlango wazi.

Siku ya 33

Wiki hii yote mazungumzo. Neno lililonisumbua halikuwamo katika rangi zangu nne: changamoto. Wamo wavuvi watatu wanaolitumia. "Bahari ina changamoto siku hizi." Wanasema pia "suala la samaki" na "kwa upande wa nyavu". Nimeyachukua kwenye redio na kwenye mikutano ya hadhara nikayatia vinywani mwa watu waliokaa chini ya mkwaju wakishona nyavu.

Nimewauliza mmoja mmoja: changamoto gani? Mmoja, wenye meli kubwa wamelipitia jarife lake, wavu wake, usiku wakalikata. Wa pili, samaki aina ya changu hawaonekani tena pale alipofundishwa na baba yake kuwatafuta. Wa tatu hana shida ya bahari, ana deni dukani. Walikuwa watu watatu wenye neno moja. Sasa kila mmoja analalamika lake, na yule mwenye deni ananyamaza, wenzake wanajua kwa nini.

Changamoto moja nimeiacha. Anaisema afisa wa wilaya aliyekuja kuwahutubia, nayo ni lugha yake halali.

Siku ya 38

Kurasa zimebaki 20. Mwili umechoka. Sana zimebaki 74, nyingi vinywani mwa watu, kwa kuwa watu husema "asante sana" na "pole sana" na sitaki wahusika wangu wakose adabu.

Siku ya 40

Mswada umerudi kwa mhariri saa nne asubuhi. Umekuwa maneno 54,000, umeongezeka. Ghafla zimebaki sita, na kwa kila moja nimemwandikia kando jibu la swali lake.

Tano ni za mvulana, Omari, katika sura ya mwisho anaposimulia mwenyewe. Ana miaka kumi na miwili na mara nyingi yuko pengine, kwa hiyo ni zake.

Ya sita iko sura ya 10. Majirani wamekuja kumwambia mjane kuwa mzee wa nyumba ya pili amefariki, yule aliyekuwa akimpitishia samaki kila Ijumaa. Wamesimama mlangoni na leso zao. Mwanamke amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hainui kichwa.

"Ghafla?" anauliza.

"Ghafla, mwanangu."

Anamaliza kukuna kifuu kile, anachukua kingine.